KAZI YA KUNDI AU KAZI YA KICHWA KIMOJA?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekaa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeanza kuulizana vimbwetani kama nimedisko au nimepata mchumba. Hakuna. Nipo, mzima wa afya, nina sapu moja na hasira nyingi. Sapu nitaisoma. Hasira naimwaga hapa hapa leo, na wa kukasirika akasirike, manake najua inawagusa wengi.

Likizo ndefu iliyopita tulikwenda Kaengesa, kule Sumbawanga Vijijini, watu tisa, kwa kazi ya vitendo. Kwa wasiopajua Ufipa: usidanganywe na ramani ukadhani ni joto kwa kuwa Ziwa Tanganyika liko upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine. Huko juu uwandani mwezi wa saba ni baridi ya kukaba koo, upepo unapita kama una deni na wewe. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vitongoji vitatu, kaya sitini na tatu, kuuliza watu wamevuna mahindi kiasi gani kwa ekari, wanahifadhije, wadudu wanakula kiasi gani, na wameuza kiasi gani mapema kwa sababu ya shida. Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi hii mahindi, kwa hiyo swali lenyewe si la kuchezea.

Tukajigawa watu watatu watatu, kila timu na kitongoji chake. Usiku wa kwanza nikasema, "Msijali, mimi nitatengeneza jedwali kwenye laptopu, nyie nileteeni tu makaratasi." Wote wakashangilia. Kiongozi wa timu ya pili, jamaa mmoja kichwa kweli kweli, naye akawaambia wenzake wawili, "Nyie shikeni kamba ya kupimia, kuandika niachieni mimi." Nao wakashangilia. Yaani tulikuwa na furaha sana siku ile. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Tumerudi chuoni, siku nane kabla ya kukabidhi ripoti, yule jamaa wa timu ya pili akapata msiba. Akaondoka usiku, kijijini kwao simu haishiki. Pole yake, na hapa simlaumu kwa msiba. Tukafungua makaratasi yake. Mstari wa kwanza: 14. Wa pili: 70. Wa tatu: 9. Jamani, kumi na nne nini? Tukawauliza wale wawili waliokuwa naye. Mmoja akasema gunia. Mwingine akasema hapana, kuna nyumba walitaja debe. Tukauliza, gunia gani, la kawaida au lumbesa? Kimya. "Sisi tulikuwa tunashika kamba tu, yeye ndo alikuwa anaandika."

Mnajua wenyewe. Gunia la kawaida mkulima analihesabu debe sita. Lumbesa linameza saba na linaweza kuendelea, inategemea mnunuzi kashona kofia ndefu kiasi gani. Timu ya kwanza walikuwa wameandika kilo tupu, kwa sababu walibahatika kuwa na mtu aliyekumbuka kubadili kila jibu pale pale. Timu ya tatu waliandika magunia lakini wakaweka alama kwenye lumbesa. Timu ya pili siri yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa chenyewe kiko msibani.

Mnafikiri hadithi imeishia hapo? Siku tatu kabla ya kukabidhi, mimi nikashikwa na malaria. Wenzangu wakachukua laptopu yangu, wakafungua lile jedwali nililojisifia. Nguzo ya kwanza imeandikwa K. Ya pili imeandikwa MH2. Ya tatu imeandikwa "zx-usiguse". Mimi najua maana yake. Wao wangejuaje? Wakanipigia nikiwa naweweseka, nikawajibu mambo ambayo hata leo sikumbuki. Wakakisia. Ripoti ikaenda na makisio.

Siku ya kuwasilisha, jedwali letu likaonyesha kitongoji kimoja kinavuna mara mbili ya jirani yake, udongo ule ule, mbegu ile ile, mvua ile ile. Mwalimu akalitazama, akatutazama, akauliza: "Hawa wa kitongoji cha pili wanatumia mbolea gani, ya mbinguni?" Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, si unajua kile kicheko cha mtu anayezama.

Sasa sikilizeni. Sapu si kitu, sapu inasomwa. Kinachoninyima usingizi ni mama mmoja wa kule Kaengesa. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Mavuno hayasubiri mtu, lakini aliacha kazi yake, akatupa vigoda, akajibu maswali yetu karibu saa mbili. Tulipoinuka akasema, "Wanangu, mkimaliza hesabu zenu mniletee na mimi, nijue mahindi yangu yanapotelea wapi." Tukamwitikia kwa pamoja, "Ndiyo mama, tutaleta." Alikuwa kitongoji cha pili. Tutampelekea nini? Kumi na nne?

Wazee walishasema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeufanya msemo huo kuwa wa wenye maduka, kana kwamba mali ni chumvi na sabuni tu. Kile mnachokijua pamoja kama kundi nacho ni mali. Tena ni mali inayopotea upesi kuliko sukari, manake inatoka na mtu mmoja kwenye basi la usiku.

Halafu msiniambie wanachuo wa Bongo hatujui kutunza maarifa. Uongo mtupu! Nani asiye na madesa humu? Mimi nina desa la kozi moja limepita mikononi mwa watu wengi mpaka huoni tena limeandikwa na nani. Lina maswali ya mitihani ya miaka mingi, lina majibu, lina maelezo pembeni: "hili analipenda", "hapa usipoteze muda". Kila aliyepita ameongeza mstari wake, na halijafa kwa sababu mwenyewe kahitimu. Huo ndo utunzaji wa maarifa, wadau, hauhitaji semina ya hotelini. Kwa hiyo kujua tunajua. Tunachagua tu mahali pa kujulia. Mtihani wa mtu aliyehitimu zamani tunaurithi bila kupoteza nukta, lakini kazi ya kundi letu wenyewe hatuwezi kuikabidhi kutoka Ijumaa hadi Jumatatu.

Mtasema hayo ni mambo ya wanafunzi. Si kweli. Tarehe 23 Septemba 1999 Wamarekani walipoteza chombo kilichokuwa kinafika sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, chombo cha dola milioni 125 hivi. Kisa? Vipimo! Programu ya kampuni iliyokitengeneza, Lockheed Martin, ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, yaani pauni, na wataalamu wa NASA waliokiongoza wakazipokea wakidhani ni vipimo vya metriki, yaani nyutoni. Kikaikaribia mno ile sayari, kikapotea. Gunia na debe, ndugu zangu. Gunia na debe angani!

Kinachoniuma zaidi kwenye kisa kile si kosa la hesabu. Kamati iliyochunguza ilikuta kwamba kuna watu waliona mapema kuwa mambo hayaendi sawa. Walisema, lakini kwa barua pepe za kirafiki tu, si kwa ile njia rasmi ya kuripoti tatizo ambayo ingemlazimisha mtu ajibu. Likapita. Sasa fungua kundi lenu la WhatsApp. Tafuta pale mtu alipouliza jambo la maana kuhusu kazi. Liko katikati ya katuni, pole za msiba na picha ya wali wa kantini. Hakuna aliyejibu. Nililitafuta la kwetu nikalikuta: siku ya tatu tukiwa Kaengesa, dada mmoja wa timu ya tatu aliuliza, "Jamani tunaandika kwa gunia au kilo?" Chini yake kuna watu wawili wamecheka kuhusu kitu kingine. Nilikuwa mmoja wao.

Ngoja niwarudishe Ufipa, kwa sababu jibu la mambo haya nililiona kule kule bila kujua nimeliona. Jioni moja mzee mwenyeji wetu alitupitisha shambani kwake, akainama akaokota jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, limejaa vitundu. Akasema ni mavi ya chuma. Babu zao walikuwa wanayeyusha chuma. Tukamuuliza, walifanyaje? Akacheka. "Hayo waliyajua wao."

Niliporudi nikasoma kidogo. Wafipa walijenga matanuru marefu kama mabomba, yanaitwa malungu, kimo cha mita tatu hivi, kwa udongo wa vichuguu. Hewa ilikuwa inaingia yenyewe kupitia mabomba ya udongo chini, bila mivukuto! Kile kilichotoka kilipelekwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, kusafishwa kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe na silaha. Hebu fikiria kazi ile. Kuna wachimba mawe ya chuma, wakata miti na wachoma makaa, wabebaji, wajenzi, watu wa kulisha moto usiku na mchana. Huo ni mradi wa watu wengi kuliko asaimenti yoyote uliyowahi kupewa. Na juu ya wote kuna fundi mkuu na kikapu chake cha dawa, miiko yake, na siri zake. Kubeba makaa hakukupi haki ya kujua kilichomo kikapuni.

Nisiwasingizie wazee. Siri ile ilikuwa na maana yake, ndiyo iliyolinda mkate wao, nami sisemi ndiyo iliyoua uhunzi. Ulioua ni majembe ya viwanda vya Ulaya, yalikuja kwa bei ambayo tanuru la kijiji lisingeweza kushindana nayo. Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo. Mafundi walipozeeka na kuondoka, kikapu kiliondoka nao. Greig aliandika makala kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na bila watu wachache kama yeye kuuliza na kuandika tungekuwa na mawe meusi tu. Mtaalamu wetu wa akiolojia, Bertram Mapunda, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya uhunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania, ilibidi asome mabaki ya matanuru na hayo mavi ya chuma. Profesa mzima anaisoma takataka ya babu ili ajue babu alijua nini!

Sasa linganisha na intumba. Huu ni ule ulimaji wa Wafipa wa kufukia nyasi. Mvua zinapoelekea kwisha wanalima majani pamoja na udongo wake wa juu, wanayalundika majani ndani na udongo juu, shamba linajaa vilima vya duara. Nyasi zinaoza humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, vilima vinabomolewa na kusambazwa, ulezi unapandwa kwenye mbolea iliyojitengeneza yenyewe. Hiyo nayo ni teknolojia, wala si ndogo: lazima ujue wakati, ukubwa wa kilima, kipande kipi kipumzike. Lakini hakuna kikapu. Mtoto anaona, anapewa jembe, anakosea, anachekwa, anarekebishwa. Mwanamke anaijua, mwanaume anaijua, jirani anaijua. Nayo imepigana na mbolea za dukani na majembe ya ng'ombe, ila hata pale isipolimwa tena, yule mama wa Kaengesa angeweza kukueleza hatua kwa hatua akiwa anapukuchua. Tulimuuliza kidogo tu, akatueleza bila kusita.

Uwanda ule ule, watu wale wale. Ujuzi mmoja ulikaa kikapuni mwa mtu mmoja, mwingine ulikaa mikononi mwa wote. Mimi na yule jamaa wa timu ya pili tulikuwa mafundi wenye vikapu, tena bila hata chuma cha kuonyesha.

Najua mtakavyonijibu, nimeshayasikia yote bwenini.

La kwanza: "Nikiandika kila kitu na kukiweka wazi, wavivu watakula jasho langu." Mwenzangu, wavivu wanakula jasho lako sasa hivi! Majina yao yako kwenye jalada la ripoti, sawasawa na lako. Kuficha hakumwadhibu mvivu, kunaliadhibu kundi siku utakapougua. Daftari la wazi ndilo linamwumbua, kwa sababu kila jioni kuna mistari ya fulani na fulani, na ya kwake haipo. Mvivu anapenda sana kundi lenye kichwa kimoja. Ndo paradiso yake.

La pili: "Hatuna muda wa kuandika andika." Sisi tuliobaki tulikesha siku nne tukikisia maana ya 14. Kuandika neno "debe" kunachukua muda gani?

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Sisi Waafrika ni watu wa masimulizi, mambo ya kuandika ni ya Wazungu." Acheni kuwasingizia mababu uvivu wenu. Masimulizi yana nidhamu yake. Mzee anasimulia mbele ya watu, anarudia, mwingine anamsahihisha, mtoto anaulizwa kesho yake kama amekumbuka. Intumba imefundishwa hivyo, kwa mdomo na kwa jembe. Sisi hatukusimuliana wala hatukuandika. Tulinyamaza, kila mtu na chake. Kunyamaza siyo utamaduni.

Na hapa kuna neno kwa vichwa wenzangu, tusemane ukweli. Tunasema tunaficha kwa sababu wengine hawaelewi. Uongo. Tunaficha kwa sababu ni utamu kuitwa. Ni utamu simu kulia usiku wa manane, "aisee bila wewe hatutoki hapa." Mimi lile jedwali langu ningeweza kuandika juu yake "mahindi kwa kilo" badala ya MH2. Sekunde kumi. Sikuandika kwa sababu moyoni nilitaka waje waniulize. Wakaja, wakanikuta na malaria.

Basi kundi langu la muhula huu nimeliwekea masharti, na asiyeyataka ahame mapema:

Siku ya kwanza kabla ya kitu chochote tunakubaliana vipimo na majina. Kilo ni kilo, ekari ni ekari, na tunaandika ukurasa wa mbele kabisa wa daftari. Daftari ni moja, la kundi, la karatasi, manake umeme unakatika na bando linaisha. Kila jioni linapigwa picha na kutumwa kwa wote.

Kila kazi ina watu wawili: mwenye kazi na mrithi wake. Mrithi si msaidizi wa kushika kamba. Ni mtu anayeweza kuendelea kesho asubuhi mwenzake akiondoka usiku.

Kila jioni, mistari mitano kwa kila mtu: nimefanya nini, nimekuta nini, nimeamua nini na kwa sababu gani, nini kimenishinda. Hilo la "kwa sababu gani" msiliruke. Matokeo unaweza kuyahesabu upya, sababu huwezi kuikisia.

Swali la kazi likiulizwa linaandikwa daftarini na jina la wa kulijibu. Likikaa siku moja bila jibu, kazi inasimama mpaka lijibiwe.

Na waliotupa majibu wanarudishiwa majibu. Hata ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida.

Walimu wetu nao, shikamooni, lakini lenu mnalo. Mnatoa kazi ya watu tisa halafu mnasahihisha ripoti tu, mnauliza maswali kwa yule yule anayezungumza vizuri. Kwa nini tusiwe na vichwa? Mmevipanda wenyewe. Ombeni daftari la kundi, lipeni alama. Siku ya kuwasilisha nyoosheni kidole kwa yeyote, muulizeni kazi ya mwenzake. Akishindwa, wote tumeshindwa. Mtaona tutakavyobadilika, maana sisi kwa alama tunabadilika haraka kuliko kwa mahubiri.

Yule jamaa wa timu ya pili alirudi. Tulikaa kimbwetani, nikamwonyesha karatasi zake, akazisoma kama anasoma jina lake: hii gunia, hii debe, hii lumbesa, huyu mzee alitaja kilo kwa sababu ana mzani. Dakika ishirini, kaya ishirini na moja zote zikafunguka. Nikaandika kila moja kwa kalamu ya wino mbele yake. Kwa alama tulikuwa tumechelewa. Kwa yule mama bado.

Kwa hiyo nimeanza kuandika ule ukurasa wake. Mmoja wetu kwao ni Laela, akienda likizo ataupitisha. Nimeuandika mara mbili, na nakala ya pili anayo mtu mwingine, nimejifunza.

Na jina la Sumbawanga, wenyeji wenyewe hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Watu hulitania sana jina hilo, nami nimelitania pia. Lakini nikifikiria mtu anayejua kitu ambacho kundi lake lote linakihitaji, kisha akakaa nacho kimya ili wamwogope na wamfuate, sioni tofauti yake na mchawi. Tuutupe.

Haya, naenda kusoma sapu. Bumu likitoka nitakuwa na heri zaidi. Mwenye ubishi anipate kimbwetani, na aje na daftari.